Mzaha wa Yothamu, na Mzaha Wangu



Jumapili iliyopita nilihubiri kutoka Waamuzi sura ya 9, na baada ya ibada watu kama watano walinishika mkono pale mlangoni na swali moja: "Pasta, sasa kuwacheka wanasiasa ni dhambi ama si dhambi?" Mmoja alikuwa anakimbilia matatu ya Ahero, akataka nimjibu kwa neno moja. Sikuweza. Ndugu wanaotayarisha jarida hili wameniomba niandike jibu lenye urefu kidogo, na kwa sababu mwaka kesho, 2027, tunapiga kura tena, nimeona heri tuongee mapema kabla simu zetu hazijajaa.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi mwenyewe ni mtu wa mzaha. Wale tuliokulia pamoja Manyatta wananijua. Nilipokuwa shule ya msingi, kabla Rais Moi hajaondoka madarakani mwaka 2002, jirani yetu alikuwa na kanda ya video ya Redykyulass, wale vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie. Mong'are alikuwa anamwigiza Moi: ile sauti, lile rungu mkononi, ule mwendo. Tulijazana sebuleni, watoto kwa wakubwa. Maneno ya kwenye kanda nimeshayasahau. Ninachokumbuka ni mzee mmoja wa ploti yetu, mtu ambaye hakuongea siasa hata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alitazama mlango kwanza, akaona umefungwa, ndipo akacheka. Alicheka mpaka akapangusa machozi. Moi alikuwa ametawala tangu 1978, na yule mzee alikuwa amenyamaza miaka hiyo yote. Hakuna mtu atakayeniambia kwamba kicheko kile kilikuwa dhambi, nikakubali.

Baadaye, mwaka 2009, ikaja XYZ Show, vile vikaragosi vya Gado, mchora katuni Mtanzania anayefanya kazi yake hapa Kenya. Kufikia wakati huo hakuna aliyetazama mlango tena. Wakubwa wote walikuwa na sura za mpira na sisi tulikuwa tunacheka na sauti ya televisheni ikiwa juu.

Mimi nilijifunza sauti ya Raila. Kwenye kambi za vijana ilikuwa lazima niitwe mbele. Nilikuwa natoa kitendawili kwa sauti yake, kisha naanza kutangaza mpira jinsi alivyopenda kufanya kwenye mikutano, nani ana mpira, nani ameonyeshwa kadi nyekundu. Aliwania urais mara 5, kuanzia 1997 hadi 2022, na sijui kama kuna mji uliombeba kama huu wetu. Ulikuwa utani wa watoto kwa baba yao. Oktoba 2025, mwili wake ulipoletwa uwanjani Mamboleo, nilikuwa kwenye ule umati. Siku chache baadaye, kwa harusi moja, MC akaniita nije niigize kidogo. Nilishika maikrofoni, sauti haikutoka. Nikairudisha nikakaa. Miaka yote ile nilikuwa nachezea sauti ya mtu aliye hai, na sikuwa nimewahi kulifikiria hilo hata siku moja.

Turudi kwa Neno. Abimeleki, mwana wa Gideoni, anataka ufalme. Anaenda Shekemu kwa jamaa za mama yake na hoja ambayo sisi Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa: mimi ni mtu wenu. Wanampa vipande 70 vya fedha kutoka nyumba ya mungu wao, anakodi watu ovyo wasio na kazi, anaenda nao kuwaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Kampeni imefadhiliwa, vijana wamekodiwa, damu imemwagika. Anasalia Yothamu, kitinda mimba, kwa sababu alijificha. Siku Abimeleki anatawazwa, Yothamu anapanda juu ya mlima Gerizimu na kuwasimulia hadithi ya miti iliyoenda kutafuta mfalme. Mzeituni ukakataa, una mafuta yake ya kutunza. Mtini ukakataa. Mzabibu vilevile. Mwishowe wakauendea mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, tena ukawakaribisha wote waje wapumzike kivulini mwake. Hebu fikiria kivuli cha mti wa miiba! Hapa Kano mchana wa Februari hata mbuzi hatafuti kivuli hapo.

Hiyo ni kejeli ya siasa, wapendwa, imo ndani ya Biblia, na ilimhusu mgombea. Eliya aliwakejeli manabii wa Baali pale Karmeli. Bwana Yesu mwenyewe alimwita Herode mbweha, na Herode alikuwa mtawala. Kwa hivyo ndugu zangu wanaosema Mkristo hawezi kuwacheka wakubwa, naomba warudi kusoma. Lakini wakiwa wanasoma wafike pia mahali ambapo askari wanamvika Yesu vazi la zambarau, wanasokota taji, wanapiga magoti na kumsalimu kama mfalme huku wakimtemea mate. Hao nao walikuwa wanafanya mzaha wa siasa. Miiba iko kwenye habari zote mbili.

Tofauti ni nini? Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa jepesi: Yothamu alimcheka mwenye nguvu, askari walimcheka aliyefungwa kamba. Ukimcheka aliye juu ni sawa, ukimcheka aliye chini ni ukatili. Sijaliacha jibu hilo, lina ukweli ndani yake. Ila nimegundua halitoshi, kwa sababu unaweza kumlenga mkubwa na jiwe likamwangukia mdogo aliyekuwa anapita. Nitaeleza.

Tazameni tena namna Yothamu alivyofanya. Alisimama mahali alipoonekana. Alipaza sauti ili watu wa Shekemu wenyewe wasikie, hakwenda kuwasimulia maadui wao. Alipomaliza hadithi aliieleza, aya baada ya aya, akasema wazi: kama mmemtendea Gideoni na nyumba yake haki, basi mfurahieni Abimeleki, naye awafurahie. Aliwaachia mlango. Kisha akakimbia, kwa sababu alijua maneno yake yana gharama na kwamba gharama ni yake. Na kubwa kuliko yote, hakuna mtu wa Shekemu aliyerudi nyumbani jioni ile akiamini kwamba miti imeongea.

Hilo la mwisho ndilo limenisumbua zaidi, na nitalipeleka karibu na nyumbani.

Agosti 2006 Barack Obama alikuja hapa akiwa seneta. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na kama nusu ya Kisumu nilisimama kando ya barabara. Alipimwa virusi vya ukimwi hadharani hapa mjini pamoja na mkewe, kwa sababu watu wetu walikuwa wanakufa na wanaogopa kupimwa. Halafu akaenda Kogelo. Katika safari hiyo hiyo alifika Wajir, wazee wa Kisomali wakamvika nguo zao na kilemba, jinsi mgeni anavyoheshimiwa. Mwaka 2008, Februari, alipokuwa anashindana na Hillary Clinton kuteuliwa na chama chao, ni picha gani ya safari ile iliyozunguka Marekani? Ya kupimwa? La. Ilikuwa ile ya kilemba, ikiwa imepakiwa shaka juu yake. Julai mwaka huo jarida la The New Yorker likatoa jalada lililochorwa na Barry Blitt: Obama amevaa kanzu na kilemba ndani ya ofisi ya rais, mkewe ana bunduki mgongoni, bendera ya Marekani inaungua motoni, na ukutani kuna picha ya Osama bin Laden. Jarida lilisema linaukejeli ule uvumi wenyewe na wanaouamini. Mimi nawasadiki. Lakini pale juu ya jalada hakukuwa na neno lolote la kusema hivyo. Hata kampeni ya mpinzani wake, John McCain, ilisema picha hiyo haifai.

Nilisomea biashara kabla sijaingia kwenye huduma, na somo moja la mauzo halijanitoka: ujumbe wako ni kile alichopokea mteja. Ulichokusudia kitabaki kwenye faili yako. Yule mchoraji alituma kejeli, na wengi wakapokea picha.

Na sisi hapa tusijifanye watakatifu. Nakumbuka utani wetu wa wakati ule, kwamba Obama alizaliwa hapa Russia. Wageni wa jarida hili waelewe kwamba tunamaanisha hospitali yetu kuu, iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Tulicheka sana. Obama alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961, na hospitali yenyewe ilifunguliwa 1969, yeye akiwa na miaka minane! Kwetu ilikuwa njia ya kusema ni wetu. Kule ng'ambo ya bahari kulikuwa na watu waliokuwa wanasema jambo lilo hilo bila kucheka, wakitaka kumwondoa kiti chini. Aprili 2011 ilimbidi rais mzima atoe cheti chake kirefu cha kuzaliwa. Donald Trump, aliyekuwa ameupigia uvumi ule ngoma, hakukubali hadharani kwamba Obama ni mzaliwa wa Marekani mpaka Septemba 2016, akiwa yeye mwenyewe mgombea.

Kuna mfano mwingine wa mwaka 2008 ambao napenda kuwaambia vijana. Sarah Palin, mgombea mwenza wa McCain, alikuwa gavana wa Alaska. Alisema kwenye mahojiano kwamba kuna mahali Alaska ambapo ukisimama unaiona nchi ya Urusi, jambo ambalo ni kweli. Mchekeshaji Tina Fey, akimwigiza kwenye kipindi cha Saturday Night Live, akasema anaiona Urusi kutoka nyumbani kwake. Leo uliza watu, wengi watakuapia kwamba Palin mwenyewe ndiye aliyesema la nyumbani. Mzaha umekula ukweli na kukaa kwenye kiti chake. Simtetei Palin kwa siasa zake, sizijui vya kutosha. Nasema tu kwamba aliwekewa maneno kinywani na mtu ambaye hata hakukusudia kudanganya.

Kwa nini vyombo vya habari hupenda mambo haya? Hapa niruhusuni nivae koti langu la zamani kidogo. Gazeti na televisheni huuza macho yetu kwa wenye matangazo. Anayevuta macho ndiye bidhaa. Kufikia Machi 2016 ilikadiriwa kwamba Trump amepata muda wa bure kwenye vyombo vya habari wenye thamani ya karibu dola bilioni 2. Hakuulipia, sarakasi zake ndizo zilizoulipia. Kwetu 2022 tulikuwa na wagombea wanne. George Wajackoyah aliongea bangi, ufugaji wa nyoka, na kuuza nje sehemu fulani za fisi ambazo sitazitaja kwenye jarida la kanisa. Aliandikwa kila siku. David Waihiga, mtumishi wa Mungu na wakili, ni wangapi kati yenu mnakumbuka alisimamia nini? Usiku wa mdahalo, tarehe 26 Julai, Raila hakwenda, Wajackoyah alifika akaondoka, Waihiga akajibu maswali peke yake, na Ruto vilevile peke yake. Mwishowe Wajackoyah alipata kura 61,969 na Waihiga 31,987, kati ya kura zaidi ya milioni 14. Fisi walituchekesha miezi miwili mizima, na wakati huo huo pakiti ya unga ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 200. Simlaumu Wajackoyah, aliona soko akaleta bidhaa. Sisi ndio tulikuwa wateja.

Niseme na jambo lingine ambalo halitawapendeza watumishi wenzangu. Desemba 2024 vijana kadhaa walitoweka baada ya kusambaza picha za kumkejeli rais, zingine zikimwonyesha ndani ya jeneza. Kati yao alikuwa mchora katuni Kibet Bull, anayejulikana kwa picha zake za vivuli. Rais mwenyewe, akiwa Homa Bay mwishoni mwa mwezi ule, alisema utekaji utakomeshwa, akawataka wazazi nao wawajibike kwa watoto wao. Kibet aliachiliwa Januari 2025. Mimi niliikemea picha ya jeneza kutoka madhabahuni na bado naikemea, kifo cha mtu si kitu cha kuchezea. Lakini nikisoma nilichohubiri Jumapili ile, nina ukurasa mzima juu ya jeneza na sina mstari hata mmoja wa kuuliza wale watoto wako wapi. Mama aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma akiwa na mwana wa umri ule, sijui alisikia nini.

Sasa nifike kwangu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Julai 2022, wiki chache kabla ya kura, nilitumiwa picha kwenye simu. Ilikuwa imetengenezwa kama ukurasa wa mbele wa gazeti, na mgombea mmoja, sitasema yupi, amewekewa maneno kwamba akishinda, watu wa ziwa wataachiwa mifupa ya samaki. Niliangalia juu nikaona tarehe: 31 Juni. Juni haina 31! Hiyo ndiyo iliyonivunja mbavu. Nikaituma kwenye kikundi cha wanaume wa kanisa na nyuso tatu za kucheka. Jioni ile ile ikatoka kwenye kikundi ikaenda zake, na zile nyuso tatu hazikwenda nayo.

Kuna dada wa kanisa hili ambaye asili yake si ya hapa, anauza mitumba Kibuye. Amenipa ruhusa niandike bila jina lake. Mteja alimwekea ile picha mbele ya uso: "Ona vile mtu wenu anasema." Siku mbili hakuuza kitu. Siku ya tatu alikuta robota lake limemwagiwa maji ya samaki. Huyu dada Januari 2008 alilala kituo cha polisi na watoto usiku kadhaa, kwa hivyo hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Akaacha kuja sokoni, akaacha kuja ibadani. Jumapili ya tatu ndipo mke wangu akauliza yuko wapi.

Tulienda kwake Migosi jioni. Mifuko miwili ilikuwa imefungwa tayari, iko kando ya mlango. Akatukaribisha chai kama kawaida, akatoa simu akanionyesha picha. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza, yeye akatangulia: "Pasta, hata tarehe ni ya uongo. Hakuna 31 Juni. Mimi niliiona. Lakini ni nani sokoni atakungoja usome tarehe?"

Nikamwambia imetoka kwangu. Alifunika birika, akakaa. Akaniuliza, "Mlicheka?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hata mimi ningecheka, kama ningekuwa nyinyi."

Nimehubiri miaka kadhaa na sijawahi kuhukumiwa kwa upole namna ile. Mithali 26, aya ya 18 na 19, inamfananisha mtu anayemdanganya jirani yake kisha akasema alikuwa anatania, na mwendawazimu anayerusha moto na mishale. Nilikuwa nimeifundisha aya hiyo kwa vijana, na nilikuwa na mfano mzuri wa bodaboda ndani yake. Siwezi kujiweka karibu na Yothamu. Sikusimama mlimani, nilikuwa kwenye kochi. Jina langu halikuwa kwenye ile picha. Niliisema kwa watu wangu kuhusu mtu wa wengine, ambapo hakuna wa kunijibu. Na nililenga mgombea mwenye walinzi, na ikaanguka kwenye robota la mitumba Kibuye.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote, bila jina lake. Baadhi ya wanaume waliniambia baadaye nimezidisha, hakuna mtu aliyekufa, kila mtu anatuma. Dada alisafiri Ijumaa kabla ya kura na akarudi Septemba, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu. Bado ni wa kwetu. Zamani alikuwa anaketi safu ya pili upande wa kina mama. Siku hizi anaketi karibu na mlango, na sijawahi kumwuliza kwa nini.

Kwa hivyo ndugu yangu wa matatu ya Ahero, ningekujibu nini kwa neno moja? Naendelea kucheka. Nikiona katuni nzuri ya gazetini inayomwonyesha mkubwa ameketi juu ya mfuko wa umma, nacheka na namwonyesha mke wangu. Ila nikipokea kitu sasa najiuliza kwanza kama kuna mtu ataondoka akiamini miti imeongea, na mtu huyo akiamini, ni nani atakayemwagiwa maji. Mara nyingi najikuta sijui, na nikiwa sijui naiacha kwenye simu yangu. Ni kazi ndogo na nakiri inachosha.

Wiki mbili zilizopita ile picha imenirudia. Ukurasa ule ule, mifupa ile ile ya samaki. Sura ya mgombea imebadilishwa, na tarehe safari hii wameirekebisha. Aliyenituma ni ndugu wa hapa hapa kwetu. Nilimpigia, akacheka, akasema, "Si ni mzaha tu, pasta." Nikamwambia nitapita kwake Ijumaa jioni baada ya ushirika wa Nyalenda, aweke chai. Nimemwomba na yule dada aje pamoja nasi, kama atakubali. Bado hajanijibu.